Kwa Lipi, Ustadhi?

Nilizaliwa Mwislamu, lakini mpaka nafika Mbinga Uislamu wangu ulikuwa umebaki kwenye kisu tu. Kwetu Tunduru nilisoma chuo cha Kurani hadi mwalimu akanichoka, nami nikamchoka, tukaachana kwa amani. Nikapanda huku milimani nyakati zile serikali ilipolegeza kamba za biashara. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanamiminika na magari yao, na kila mwenye mbao nne na bati mbili akawa mfanyabiashara. Mbao nilizipata, bati nikaazima, nikafungua bucha.

Sasa Mbinga ni nchi ya Wakatoliki, na Wamatengo ni watu waungwana. Hawapendi mgeni akae kwenye sherehe yao anaitazama nyama kwa mbali. Kwa hiyo penye shughuli yoyote humwita Mwislamu aje achinje, ili yeyote atakayetokea ale bila wasiwasi. Krismasi, Pasaka, komunio ya kwanza, jubilei ya masista, kote huko nilikuwepo na kisu changu, na kuna wiki nilikuwa na shughuli nyingi kuliko paroko. Msikitini nilikuwa naonekana mara mbili kwa mwaka, Idi hii na Idi ile, lakini bismillahi niliitamka mara nyingi kuliko waliokuwa wanaswali tano. Fungu la mchinjaji ni shingo. Mke wangu alipika shingo ya mbuzi kwa kila namna inayowezekana kupikwa shingo.

Nyuma ya bucha, ng'ambo ya ua wa mabingobingo, aliishi mama mmoja mjane. Alikuwa mkulima wa kahawa, na mahindi na maharage yake aliyalima kwa ngolo, yale mashimo ya Kimatengo yanayoshika udongo mlimani usiteremke na mvua. Mikono yake ilikuwa migumu na maneno yake machache. Akina mama wa jumuiya yao walimfanya kiongozi, nadhani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpinga. Mimi nilimwita mama, yeye akaniita jirani, na tulipendana kama majirani wanavyopendana, yaani kwa chumvi, moto na maneno ya uani.

Yule mama ndiye niliyemkosea, na kosa lenyewe ni neno moja.

Binti yake wa mwisho alikwenda Liuli, kule ziwani, kujifunza kazi ya kuhudumia wagonjwa. Huko akapendana na kijana muuza dagaa, Mwislamu, ambaye baba yake alikuwa mzee wa kwetu Tunduru aliyehamia ziwani zamani. Ndoa ikafungwa bomani, kila upande ukaridhika kwa kutokuridhika, na karamu ikapangwa nyumbani kwa mama, mwezi wa nane, watu wakiwa na hela za kahawa. Mama alinunua mbuzi wawili. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuja bucha akaniambia wakwe ni watu wa dini, nisimwangushe. Alfajiri akaja tena kunikumbusha. Nikamwambia ondoa shaka, mama, ng'ombe nachinja mimi, sembuse mbuzi.

Nikatoka na kisu changu kiunoni. Njiani nikakutana na dereva wa mnunuzi wa kahawa aliyekuwa amemaliza kupakia gari lake na anataka kusherehekea. Akanishika mkono, tukapitia kilabuni dakika mbili. Zile dakika mbili zilikwisha saa sita mchana. Mama alisubiri, akatuma watu bucha, wakanikosa. Gari la wakwe lilipopiga honi kule mlimani, kaka yake mama akachukua panga, akachinja mwenyewe. Afanyeje sasa, wageni wameshafika na sufuria ni tupu.

Nilifika watu wamekwisha kaa, natafuna majani ya mpera ili kuua harufu. Yule mzee wa kwetu, mwenye kofia na ndevu nyeupe, akafurahi kuniona. Tukasalimiana kwa Kiyao. Akauliza kama nyama ni ya mkono wangu. Nikasema hapana. Akakunja uso, akauliza kwa Kiswahili, kila mtu akasikia:

"Kwani wewe hukuitwa?"

Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale na bakuli mikononi. Alinitazama. Hakunikonyeza wala hakuniomba kitu kwa macho, alisubiri tu niseme. Nikafikiria kilabu, nikafikiria kwamba mzee huyu ataipeleka habari hiyo mpaka Tunduru, mama yangu mzazi aisikie. Nikasema, "Sikuitwa."

Wakwe walikula wali na maharage. Hawakugombana, waungwana hawagombani. Walisogeza bakuli la nyama pembeni kwa vidole viwili, wakaaga mapema. Tangu hapo kule Liuli ikawa hadithi ya kumpa kila mgeni, jinsi mama mkwe wa milimani alivyotaka kuwalisha kibudu kwa makusudi. Mama alipotuma kuku kwa binti yake, ilibidi awe hai, amefungwa miguu, na bado walimkagua. Mwenyewe akiteremka kumsalimia mwanawe, mboga aliyopika yeye iliishia sahani ya binti tu. Na hapa Mbinga hakuwahi kuniita tena. Akiwa na shughuli alimwita Mwislamu mmoja seremala wa upande wa pili wa mji, tena akapita naye mbele ya bucha yangu taratibu, kusudi nimwone. Hakunisema kwa mtu hata siku moja. Angenisema ningepata nafuu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha nikatimiza arobaini, goti likaanza kulia nikiinama, na nikaamua kwamba mwezi wa Ramadhani unaokuja nitaurudia Uislamu wangu wote, si wa kisu peke yake. Nikaenda kwenye mitumba, nikabahatika kupata kanzu nyeupe, nzito, safi, yenye mikono mipana. Nikavaa, nikajiona nimekwisha kusamehewa nusu.

Aliyetuswalisha alikuwa fundi saa, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi kuandama alituambia kwamba dhambi zako na Mungu, huyo ni Mwingi wa rehema, funga na ulie. Lakini ya mja, Mungu amemwachia mja mwenyewe, basi nendeni mkaombane radhi. Nikasema hiyo ndogo. Nikavaa kanzu, nikazunguka mtaa mzima: nisamehe kwa nililolijua na nisilolijua. Watu wakafurahi sana. Katekista akanipa ndizi. Mpaka alasiri nilikuwa nimesamehewa na robo ya Mbinga, wakiwemo watu niliokuwa sijawahi kuwaona, na mmoja ambaye yeye ndiye aliyeniibia kuku.

Mama nilimweka wa mwisho. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikamwamkia, nikatoa maneno yangu kwa mkupuo mmoja, macho kwenye ungo. Akaendelea kupepeta, kisha akauliza:

"Kwa lipi?"

"Kwa yote, mama. Kwa ujumla."

"Ustadhi, kwetu padri hapokei ujumla. Unapiga magoti, unataja. Ukimwambia kwa yote, anakuuliza, yapi?"

Nilikasirika, sifichi. Nimekuja na dini yangu, kanuni ninazowekewa ni za kitubio cha wengine! Nikamwambia kwetu hatutaji. Akasema sawa, basi nikasamehewe kwetu. Nilipogeuka kuondoka akaniita tena, kwa upole kabisa, akaniambia kanzu yangu ina msalaba mdogo uliodariziwa kwenye pindo, upande wa ndani, na kwamba wavulana wa altareni wana nguo kama hiyo hiyo. Nikatazama pindo. Kweli ulikuwepo. Nilikuwa nimetembea nao mtaa mzima.

Mwezi ukaandama, nikafunga. Kufunga Mbinga si kazi ya kujisifia, baridi inakukatia kiu, na ilikuwa masika, jua lenyewe tulilisikia kwenye redio. Kazi ilikuwa majirani. Mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba mchinjaji kaamua kumrudia Mungu, na Wakatoliki wakaishika funga yangu kwa nguvu kuliko mimi. Mama wa maandazi alikataa kuniuzia maandazi ya jioni mpaka jua litue, nisije nikajisahau. Siku ya sita goti lilinipeleka lenyewe mpaka karibu na kilabu, kwa mazoea tu, na walevi wenzangu wakainuka wote wakasimama mlangoni. Wakaniambia mwezi huu hapana, nenda kaswali. Sijawahi kuheshimiwa namna ile, na sijawahi kuona kero namna ile.

Lakini neno la fundi saa lilinikaa kooni. Nilikuwa nashinda na njaa, naswali tano, na kila nikiinua mikono kuomba nasikia ungo ukipepetwa ng'ambo ya ua. Nikaanza kwenda kwa mama kila baada ya siku mbili tatu na dhambi ndogondogo, nikitumaini kwamba zikijaa zitaifunika ile kubwa. Nikamwambia mbuzi wangu ndiye aliyekula majani ya maharage yake. Akasema hilo alilisamehe mbuzi akiwa bado anatafuna, lingine? Nikamwambia niliwahi kusema kwaya yao inaimba kama watu wanaokimbizwa. Akasema hiyo si dhambi, ni ukweli, lingine? Nikamwambia kuna siku nilimpimia mifupa mingi. Akasema mifupa aliiona, akampa mbwa, na mbwa amenisamehe.

"Lingine, ustadhi?"

Nikasema yamekwisha. Akainama kwenye ungo wake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu chuoni, ila nilidhani inawahusu wengine. Siku moja ya kumi la katikati, mvua ikanyesha mchana kutwa, bucha haina mteja. Nilikaa natazama ule ua unavyochuruzika maji, nikaona kwamba ninachoogopa si mama. Mama alikwisha kujua. Ninachoogopa ni kujisikia nikisema. Nikapita chini ya mvua hadi jikoni kwake, alikokuwa anachambua maharage, nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama, uliniita. Jioni uliniita, na alfajiri ukaniita. Mimi nilikuwa kilabuni, nikasema sikuitwa."

Mikono yake ikasimama. Mimi nikalia, mwanaume mzima wa miaka arobaini mwenye bucha. Nilisikia aibu na nilisikia wepesi, vyote kwa pamoja. Nikasubiri aseme nimekusamehe, nifuturu vizuri siku hiyo.

"Hilo mimi nalijua siku zote, mwanangu," akasema. "Unaniambia mimi ili iweje? Aliyedanganywa si mimi."

Nikamuuliza kwa hiyo? Akasema kwao ukishataja padri anakupa malipizi, na malipizi hayafanyiki mahali unapopenda wewe, yanafanyika lilipo kosa. Kosa langu liko Liuli, linasimuliwa mpaka leo. Akarudi kwenye maharage yake. Nilitoka pale nimekasirika upya, nikimwambia mke wangu kwamba huyu mama sasa amejipa upadri. Mke wangu akaniuliza nitaondoka lini.

Niliondoka Jumanne, juu ya gari la mizigo lililokuwa linateremka ziwani kufuata samaki. Barabara ilikuwa tope tupu, tulisukuma gari zaidi ya lilivyotubeba, nami nimefunga, na kwa kadiri tulivyoteremka ndivyo ile baridi yangu ya Mbinga iliyonisaidia kufunga ilivyoniaga. Nililala Mbamba Bay, kesho yake mchana nikafika Liuli ulimi umekauka. Kila nilipopita watu wanatandaza dagaa, na harufu yake kwa mtu aliyefunga ni mtihani. Sasa nilijua kwamba kufunga Mbinga ni mchezo, na kwamba sifa zangu zote za nusu mwezi zilikuwa za baridi.

Yule mzee alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, amekaa barazani. Akafurahi tena kuniona, kama siku ile, akasifia kanzu yangu. Akaniambia akija Mbinga hununua nyama bucha kwangu tu, maana huko juu hajui mwingine wa kumwamini. Hilo lilinimaliza. Nikamwambia haraka kabla sijageuza maneno: niliitwa mara mbili, nilikuwa nalewa, mama hana kosa, mwongo ni mimi. Mlangoni alisimama binti wa mama, mtoto mgongoni. Alisikia yote. Hakunisalimu wala hakunitukana, aliingia ndani, na baada ya muda nikasikia kinu kikitwangwa kwa nguvu.

Mzee alitazama chini mpaka nikadhani amesinzia.

"Kwa hiyo miaka mitatu," akasema, "kuku wa mkwe wangu nimemla kwa mashaka, na nyama yako nimeila kwa raha."

Akaniambia nimefanya vizuri kuja. Kisha akaniambia pia kwamba mtu anayetoka kilabuni na kisu hana budi kutazamwa kwanza, na kwamba atawaandikia wa msikiti wa Mbinga, kwani sasa amejua na hawezi kunyamaza. Barua yenyewe alinipa mimi niibebe. Nikaibeba, ningefanyaje, na nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba sidanganyi tena.

Fundi saa aliisoma mara mbili, akaikunja. Kwa ile sauti yake ya chini akaniambia toba yangu inshallah imepokelewa, ila kisu nikiweke kwanza mpaka watu watulie. Nyama ya bucha ikawa inachinjwa na seremala. Yaani miaka yote niliyochinja nikinuka pombe hakuna aliyeniuliza, na mwezi niliofunga, nikaswali tano na kusema kweli, ndio nikanyang'anywa kisu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kufuturia. Kila siku nilimwona seremala anavyofuta kisu kwenye ngozi ya ng'ombe wangu, akiondoka na shingo. Kwa mama sikwenda. Nilisema nimetaja, nimelipa, basi, na ikiwa bado haitoshi amwite askofu.

Jioni ya mwisho ya kumi la mwisho mawingu yalifunga milima yote, mwezi tukaungojea kwenye redio. Asubuhi ya Idi tukaswali, nikarudi nyumbani, nikakaa mlangoni na kanzu yangu. Nikaona watu wanazunguka ua wa mabingobingo. Mbele alikuwa mama, kavaa kitenge chake cha kanisani, anavuta mbuzi kwa kamba. Nyuma yake kulikuwa na katekista, akina mama wawili wa jumuiya, mama wa maandazi, na kwa mbali kidogo fundi saa, ambaye alionekana amechukuliwa njiani. Wakasimama mbele yangu wote. Sikuelewa, nikainuka.

"Jirani," mama akasema kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza, "wakwe zangu wanakuja leo kunitembelea, gari liko njiani. Nimekuja kukuita unichinjie." Akawageukia wenzake. "Mmesikia nimemwita?"

Wakasema wamesikia.

Nikamwambia kwamba kisu nimenyang'anywa. Akasema hakuja kuomba kisu cha msikiti, cha kwake amekinoa. Akanipa. Nikamtazama fundi saa. Fundi saa akaniuliza kama tangu mwezi uandame nimeonja chochote. Nikasema hata kilabu kimenikataa. Akatazama angani kidogo, akasema siku ya Idi ni siku ya furaha, chinja, yeye anashuhudia. Nikamlaza mbuzi kuelekea kibla. Nimetamka bismillahi maelfu ya mara maishani mwangu, lakini ile nilisikia kila herufi yake.

Wakwe walifika saa saba, wamejaa tope la barabara. Binti alimkumbatia mama yake mpaka kofia ya mtoto ikaanguka. Tukakaa mahali palepale pa siku ile, mkeka ule ule. Mama akaja na bakuli, akaliweka katikati, akasimama hatua tatu kutoka pale. Hakuna aliyenyoosha mkono. Yule mzee aliitazama nyama, akamtazama mkwe wake, kisha akanigeukia mimi.

"Mchinjaji, leo uliitwa?"

"Niliitwa, baba," nikasema. "Na siku ile pia niliitwa."

Akatamka bismillahi, akachukua pande la nyama, akala, kisha akawapitishia wengine bakuli. Mama akaingia jikoni. Alirudi na sahani moja ndogo, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa shingo.